Barua ya Wazi: Waimbaji Wetu Wakongwe Walipwe Haki Yao Wakiwa Hai

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni, sanaa, hakimiliki na utangazaji, Tanzania Bara na Zanzibar

YAH: MALIPO YA WAIMBAJI WAKONGWE KWA NYIMBO ZAO ZINAZOENDELEA KUTUMIKA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia hadharani jambo ambalo nilitamani limalizikie ofisini. Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa kikundi cha taarab mjini Tanga. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina ya waliohudhuria mazoezi, nikigawa mapato ya mlangoni, nikipeleka barua za maombi ya kurekodiwa. Leo kikundi hakipo, ila wenzangu kadhaa bado wapo, wamezeeka, na nyimbo zao zinapigwa kila siku. Nimeandika barua za kiofisi, nimepokelewa vizuri, nimeambiwa faili liko kwa mkubwa. Halijarudi kutoka huko. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nitaanza na mwenzangu mmoja. Jina lake silitaji kwa sababu ameniomba nisilitaje. Anasema hataki watu waanze kumpitishia bakuli. Nitamwita Bibi, kama tunavyomwita sote sasa.

Bibi alianza kuimba akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi ambazo taarab ya Tanga ilikuwa na gitaa la umeme na ngoma za bongo, na ilikuwa inasikika mpaka Mombasa. Tulipanda basi hadi Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania. Kikundi kizima kiliingia chumba kimoja, mwimbaji akasogezwa karibu na maikrofoni, na ukikosea mnaanza upya wote. Redio iliporusha nyimbo zile ilitaja jina la kikundi. Waliomjua Bibi waliijua sauti yake. Wasiomjua waliipenda sauti bila kujua ni ya nani, na hali hiyo imebaki vilevile hadi leo.

Wakati ule Bara hapakuwa na redio nyingine. Zanzibar walikuwa na yao ya serikali, sisi tulikuwa na hii. Redio binafsi zilikuja katika miaka ya 1990, na zilipokuja tayari upepo umegeuka. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya watu watano. Mipasho ikapanda jukwaani, watu wakataka kucheza na kurushiana maneno, si kukaa vitini wakisikiliza beti. Silaumu taarab ya kisasa; imelisha watu na ina waimbaji hodari. Nasema tu kilichowapata waliotangulia. Kanda zetu zilinakiliwa vichochoroni na kuuzwa mbele ya macho yetu. Wapigaji wakatawanyika. Bibi akawa anashona vitambaa vya vitanda na kuimba kwenye harusi za majirani, akitunzwa noti mbili tatu, basi. Ikapita miaka mingi kiasi kwamba wajukuu zake hawakujua kuwa sauti ya redioni ni ya bibi yao.

Kisha kijana mmoja wa bongo fleva akachukua kiitikio cha wimbo wa Bibi akakiingiza kwenye wimbo wake mwenyewe. Wakati huohuo mtu akamrekodi Bibi kwa simu akiimba harusini, na ile video ikazunguka nchi nzima. Wakaanza kumtafuta. Akaitwa kwenye tamasha, akaitwa kwenye sherehe za kitaifa, akaitwa kwenye vipindi vya televisheni vya nyimbo za zamani. Ana zaidi ya miaka 70. Sauti imeshuka, wapigaji inabidi wamshushie muziki, na pumzi si ile ya zamani. Lakini mahali pa kulivuta neno analivuta, mahali pa kunyamaza ananyamaza, na ukumbi wote unamfuata. Nimemwona akiimba juzi juzi, na nasema kwa dhati kwamba hajawahi kuimba vizuri kuliko sasa. Ujana wake aliimba vizuri. Sasa anaimba akijua maana ya alichokuwa anakiimba.

Hayo ni mema, na namshukuru Mungu kwa hayo. Malalamiko yangu ni kwamba katika yote hayo, Bibi hajalipwa kwa haki. Amepewa nauli. Amepewa kanga. Amepewa cheti chenye fremu. Wimbo wake umetumika na watu wameingiza fedha, na yeye amebaki kushona.

Sasa naweka hoja zangu.

1. Mwimbaji anaambiwa si mtunzi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu. Wimbo wa taarab una watu zaidi ya mmoja ndani yake. Yupo mshairi aliyeandika beti. Yupo aliyetia sauti, yaani aliyetengeneza muziki wa kuzibeba beti hizo. Yupo mwimbaji. Wapo wapigaji. Mara nyingi mshairi hakuwa hata mwanachama wa kikundi. Alikuwa mwalimu au karani aliyetuletea karatasi jioni, tukampa chai na shukrani. Bibi hakuandika beti za ule wimbo wake mkubwa. Alipokwenda ofisi ya hakimiliki kudai, aliulizwa swali moja: wewe ndiye mtunzi? Akasema hapana, kwa sababu ni mkweli. Akaambiwa basi hana haki.

Waheshimiwa, hiyo si sheria ya nchi hii. Sheria tuliyo nayo Bara ni ya mwaka 1999, na jina lake lenyewe ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya mtendaji, yaani mwimbaji na mpigaji, pamoja na mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Bunge liliweka sehemu nzima ya sheria kwa ajili ya watu kama Bibi. Karani aliyemrudisha hakuifungua sehemu hiyo, au hakufundishwa kuwa ipo. Na mtunzi naye asisahauliwe: familia ya yule mshairi wetu ipo Tanga, nayo haijapata kitu.

2. Anatakiwa ushahidi ambao hakuwahi kupewa.

Aliambiwa alete mkataba. Mkataba upi? Katika miaka yote ya ukatibu wangu sikuwahi kuona mwimbaji akipewa mkataba wa kurekodi na kubaki na nakala. Kikundi kilikuwa kinapokea malipo kidogo, mkuu wa msafara anasaini, tunarudi nyumbani tukiwa na furaha kwamba tutasikika. Ushahidi upo kwenye kanda zenyewe na kwenye kumbukumbu za waliorekodi. Aliyeshika kanda ndiye mwenye ushahidi, na bado anayeombwa ushahidi ni bibi kizee asiye na kanda hata moja.

3. Muda wa haki unapita.

Kwa sheria hiyo ya 1999, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabuni wenyewe. Salum Abdallah, mwanamuziki wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki mwaka 1965; miaka 50 ilikwisha 2015. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi ambaye hakuna Mtanzania wa rika langu asiyemjua, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kwa hesabu hiyo tunaelekea 2029. Marijani Rajabu, naye mwanamuziki wa dansi, alifariki 1995, kwa hiyo warithi wake wana muda kidogo zaidi. Kila mwaka faili likiwa kwa mkubwa, kuna familia inayopoteza mwaka mmoja wa haki ambao haurudi. Ndiyo maana nakataa kuambiwa tuwe na subira.

4. Heshima inatolewa kwa bahati, au inatolewa msibani.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ndiye mfano unaotajwa kila mara kwamba wakongwe wetu wanaenziwa. Tuuangalie vizuri mfano huo. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Bi Kidude aliimba, akazunguka, akapiga ngoma za unyago, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa kipato cha mtu wa kawaida kabisa. Umaarufu wa dunia ulimfikia uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, kule Uingereza, akiwa ajuza tayari. Alipofariki Aprili 17, 2013, viongozi wakuu wa nchi walihudhuria mazishi yake. Ilikuwa heshima kubwa na aliistahili. Ila wanaoutaja mfano huu hawasemi kwamba waliomnyanyua uzeeni wengi wao walikuwa watu binafsi na waandaaji wa matamasha, wa hapa na wa nje, waliompenda. Hapakuwa na utaratibu uliomfikia kwa sababu tu alistahili kufikiwa.

Mwaka huohuo wa 2013, Muhidin Maalim Gurumo alitangaza kustaafu. Huyu ni mwimbaji wa bendi za dansi: wa NUTA Jazz, wa Mlimani Park, wa Orchestra Safari Sound (OSS), wa Msondo Ngoma. Karibu nusu karne jukwaani. Ilijulikana kuwa hana hata gari. Diamond Platnumz akamzawadia gari, na wengi tulimshukuru kijana kwa moyo ule. Gurumo alifariki Aprili 2014. Namheshimu aliyetoa zawadi. Lakini mtu ambaye sauti yake ilijaza redio ya taifa kwa miongo, gari lake lilitakiwa litoke kwenye jasho lake, na kijana angebaki na fedha yake.

5. Shughuli za umma hazilipi wakongwe kama kazi.

Kwenye sherehe moja Bibi aliimba, na baada yake akapanda msanii kijana. Kijana alikuja na meneja, mkataba, na malipo ya awali yaliyokwisha kuingia benki. Bibi aliambiwa asubiri bahasha. Bahasha ilikuja na nauli ya kurudi Tanga. Simwonei kijana wivu, anajua thamani yake na ana wa kumsemea. Nauliza kwa nini aliyekuwa mgeni wa heshima kwenye mabango awe ndiye pekee asiye na mkataba.

6. Afya.

Koo la mwimbaji mzee linahitaji daktari, na magoti yanahitaji daktari, na presha nayo. Kila tunapougua inapitishwa michango kwenye simu. Nimechangisha mara nyingi mimi mwenyewe, na ninajua sura ya mtu mwenye hadhi anapolazimika kupigwa picha akiwa kitandani ili watu waamini kwamba anaumwa kweli.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa ana kwa ana. Nayajibu mapema.

Mtasema kanda zilirekodiwa kwa fedha za umma, na kikundi kililipwa siku ile. Ni kweli. Kanda ni mali ya umma, na ninawashukuru mafundi waliozitunza. Bila wao tusingekuwa na cha kudai. Lakini malipo ya siku ile yalikuwa ya kurekodi na kurusha redioni. Hakuna aliyelipwa kwa ajili ya wimbo kuwa mlio wa simu, tangazo la biashara, au kiitikio cha wimbo wa mtu mwingine miaka 40 baadaye. Vitu hivyo havikuwepo, hivyo havikuuzwa.

Mtasema wengi wamekufa na hawajulikani walipo warithi. Wengi wamekufa, ndiyo. Waliobaki wanajulikana nyumba kwa nyumba. Nipeni siku chache Tanga, Pangani na Muheza nitawaonyesha milango. Kila mji wenye historia ya dansi au taarab una mtu kama mimi: katibu wa zamani, mpiga besi aliyestaafu, mjane anayetunza picha. Tuulizeni.

Mtasema sanaa si jambo la Muungano, kwamba Bara kuna sheria yake na Zanzibar yake. Ni sawa kikatiba. Lakini waimbaji hawa waliimba pande zote mbili, walirekodi pande zote mbili, na nyimbo zao zinavuka maji kila usiku bila kuulizwa pasi. Ndiyo maana nimewaandikia nyote kwa pamoja. Kaeni meza moja mkubaliane nani analipa wimbo wa mtu wa Tanga ukitumika Unguja, na wa mtu wa Unguja ukitumika Dar es Salaam.

Mtasema ipo mikopo ya wasanii. Bibi hahitaji mkopo. Mkopo ni wa kijana anayefungua studio. Mtu wa miaka zaidi ya 70 anayedai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya, ukimpa mkopo unamgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Na lipo jibu moja laini kuliko yote, ambalo ndilo linalonitia hofu. Mtasema: mbona sasa anaitwa kila mahali, mambo yamemnyookea, soko limemrudisha. Waheshimiwa, nawaomba sana msiuhesabu ufufuo huu kama ushahidi kwamba hali ni nzuri. Video ya simu ndiyo iliyomrudisha Bibi. Ingekuwa yule mgeni wa harusi hakutoa simu yake mfukoni, Bibi angekuwa bado anashona na nyie msingejua kama yu hai. Katika kikundi chetu walikuwapo waimbaji wawili waliomshinda kwa sauti. Mmoja amefariki bila mtu kumtafuta, mwingine anauza maandazi na hakuna aliyemrekodi. Nyimbo zao nazo zinapigwa.

Kwa hiyo, kwa heshima, naomba yafuatayo:

1. Orodha ya kanda za muziki zilizorekodiwa na iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na zile za redio ya serikali Zanzibar, itangazwe hadharani ikiwa na jina la wimbo, kikundi, mwimbaji, mtunzi na mwaka, kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha. Wasanii na warithi wapewe muda wa kusahihisha. Palipo na pengo, liandikwe pengo, tutasaidia kulijaza. Orodha ikitoka, nusu ya ubishi wa ushahidi itakuwa imekwisha.

2. Watumishi wa hakimiliki wawafuate wakongwe waliko, angalau kwenye miji yenye historia ya muziki, wawasajili kwa mdomo na kwa ushuhuda wa wenzao, bila kuwataka mikataba ambayo haikuwahi kuwapo. Na wafundishwe kumsajili mwimbaji kama mtendaji, si kumrudisha nyumbani kwa sababu hakuandika beti.

3. Anayechukua kipande cha wimbo wa zamani apate kwanza kibali cha mtunzi, mtendaji au warithi wao, na malipo yawe yamekubaliwa kabla wimbo mpya haujatoka. Vijana wengi hawana nia mbaya. Huuliza pa kuomba kibali na hakuna anayewaonyesha mlango.

4. Shughuli yoyote inayolipwa kwa fedha za umma na kumwalika msanii mkongwe imlipe kwa mkataba wa maandishi, kwa kiwango kinacholingana na uzito wake kwenye ratiba, na malipo yafanyike siku hiyohiyo. Mzee hawezi kufuatilia hundi.

5. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatambua wasio na uwezo na kuweka njia ya kuwagharimia. Waimbaji na wapigaji wazee wasio na kipato watambuliwe kwenye kundi hilo, kwa orodha inayojulikana, ili tuache kuwapiga picha wakiwa wagonjwa.

6. Nijibiwe kwa maandishi: nani anashughulikia lipi, na lini. Kama kuna ombi ambalo haliwezekani, niambiwe haliwezekani na kwa nini. Jibu hilo nitalisoma mbele ya wenzangu kama lilivyo.

Mimi ninazo daftari za kikundi tangu siku za mwanzo: majina ya waimbaji, wapigaji, washairi, na tarehe tulizosafiri kwenda kurekodi. Karatasi zimegeuka rangi lakini zinasomeka. Niko tayari kuzileta zikapigwe nakala ofisini kwenu, kwa gharama yangu, siku yoyote mtakayoitaja. Bibi naye amesema atakuja, ilimradi isiwe siku ya mazoezi, kwa sababu ana onyesho mwezi ujao na wapigaji wapya bado hawajazishika nyimbo zake sawasawa.

Wenu mtiifu,

Aliyekuwa katibu wa kikundi cha taarab, Tanga